Sipiyu ya Taa za Bluu

Baba alisema mtoto wa kike haendi Arusha kununua vyuma, na kwa neno hilo moja kazi yangu ya misimu miwili ikatoka mikononi mwangu.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata kazi Katesh, kwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na watu walikuja na barua za maombi wakiamini ofisi mpya zitawachukua wote. Mimi nilichapa. Wateja wakipungua mchana, nilicheza gemu ya mpira iliyokuwa kwenye kompyuta ya duka. Ilikuwa kompyuta kuukuu, wachezaji wake hata nyuso hawakuwa nazo, lakini hakuna kijana aliyeingia pale akanifunga.

Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka mitatu, alikuwa na kibanda cha kunyolea nywele karibu na stendi. Saa ya chakula alifunga kibanda, akaja dukani, tukagawana kiti kimoja na kucheza. Tulicheka sana siku zile. Ndipo akasema, "Mdogo wangu, tutengeneze kompyuta ya kwetu. Yenye nguvu, siyo hii."

Mama alikuwa na kipande cha shamba Endasak kilichokuwa kimelala, akatuachia. Tulipanda maharage misimu miwili ili tupate fedha ya vipande. Niseme ukweli: nililima mimi. Kaka alikuja na pikipiki siku ya kupiga maharage na siku ya kubeba magunia. Sikuona ubaya, maana nilikuwa na kazi nyingine niliyoipenda zaidi, kazi ya kuchagua vipande vya kompyuta.

Kuchagua nilifundishwa na fundi mmoja wa Babati, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyekuja kila baada ya miezi michache kutengeneza mashine za duka. Nilimshikia bisibisi, naye akanionyesha kimoja kimoja. Huu ndio ubao mkubwa, kila kitu kinachomekwa hapa. Hii ni prosesa, ndiyo inayofikiri. Hii ni kadi ya picha, bila hiyo gemu mpya hazichezeki. Hii ni pawa saplai, inagawa umeme.

"Boksi ni sanduku tu," aliniambia. "Hata likiwa la bati bovu litakufaa. Fedha yako iweke kwenye prosesa na kadi ya picha. Na pawa saplai ukiinyanyua ukaona nyepesi kama kopo, irudishe."

Kila alipokuja alinikuta na maswali mapya kwenye daftari. Nilifuta na kuandika upya. Nilipunguza ukubwa wa diski ili nipate kadi bora. Nikagundua kwamba kadi niliyoitaka haiingii kwenye ubao niliouchagua, nikaanza tena mwanzo. Spika niliziacha kabisa, kwa kuwa kaka alikuwa na redio. Wasichana wenzangu walikuwa wakiandika barua za wachumba. Mimi niliandika majina ya kadi.

Maharage yalipouzwa, nilikwenda nyumbani Jumapili baada ya ibada. Nikamwamkia baba shikamoo, nikamweleza safari.

"Arusha utafikia kwa nani?" akauliza.

"Kwa shangazi, baba. Siku mbili tu."

"Kaka yako yupo. Ataenda yeye."

"Lakini ni mimi ninayevijua hivyo vitu, baba."

"Kwani kaka yako hajui kusoma?"

"Anajua."

"Basi mwandikie."

Kaka alikuwa amekaa palepale. Nilimtazama nikitegemea aseme neno, hata nusu neno. Yeye alikuwa akifuta tope kwenye kiatu.

Nikamwandikia, karatasi moja, kwa herufi kubwa. Mstari wa kwanza, ambao ndio ulionimaliza, ulisema: SIPIYU, HAPA USIBANE, CHUKUA NZURI KABISA. Nilikuwa na maana ya prosesa, maana ndivyo fundi alivyoiita alipokuwa na haraka. Lakini kwetu, shuleni, dukani, kila mahali, sipiyu ni lile boksi linalokaa chini ya meza. Nililijua hilo vizuri. Hata mimi nikiongea na wateja niliita hivyo. Siku ile sikukumbuka.

Alirudi siku ya tatu, mchana, uso unang'aa. Boksi lilikuwa refu, jeusi, ubavu mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, na feni zenye taa za bluu. Nililifungua kwenye sakafu ya kibanda chake. Ubao haukuwa ule niliouandika. Prosesa ilikuwa ile ya chini kabisa, ya mashine za ofisi.

"Kadi ya picha iko wapi?"

"Muuzaji amesema ipo ndani ya ubao. Kwa nini tununue mara mbili?"

"Na prosesa hii? Si nimekuandikia sipiyu nzuri kabisa?"

Akalipiga boksi kwa kiganja. "Si hii hapa? Hakuna nzuri kuliko hii Arusha nzima."

Niliketi sakafuni. Sikulia. Niliinyanyua pawa saplai kwa mkono mmoja, ikawa nyepesi kama kopo.

Nikaiunganisha hivyo hivyo, kwani ningefanya nini? Gemu mpya ya mpira ilifunguka, lakini wachezaji walikwenda kama wanaokanyaga matope, wakasimama, wakaruka, wakasimama tena. Vijana hawakujali. Walijaa kibandani kutazama taa. Ndani ya wiki kaka akaandika kwa chaki mlangoni, Fundi wa Kompyuta. Nikifika saa ya chakula nilikuta kiti kina mtu.

Mwezi wa pili kompyuta ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikazimika. Bahati mbaya baba alikuwa pale, amekuja kunyolewa. Fundi wa Babati alikuwa dukani kwetu siku hiyo, nikamkimbilia. Akaja, akafungua, akatikisa kichwa.

"Aliyechagua hivi alidanganywa na taa," alisema.

Kaka akavuta droo ya mashine zake za kunyolea, akatoa karatasi yangu. "Mchaguzi ni huyu. Mwandiko wake huu. Someni wenyewe, sipiyu nzuri kabisa."

Baba, shingo bado imefungwa kitambaa, akasema, "Si nilisema haya si mambo ya wanawake?"

Fundi aliisoma ile karatasi mpaka mwisho. Aliona jina la kadi tuliyoijadili kwa miezi. Alinitazama, akamtazama baba, kisha akafunga mkoba wake na kuaga. Hilo liliniuma kuliko ya kaka. Na mimi nilikuwa na mdomo, lakini mbele ya baba haukufunguka.

Kaka aliliuza lile boksi kwa mtu wa kijiji cha Daudi aliyependa taa zake kwa ajili ya duka lake. Shamba la Endasak sikurudi, na msimu uliofuata baba alipanda mahindi yake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mshahara wangu, nilikwenda Arusha peke yangu. Nilipouliza bei, muuzaji alimjibu mwanamume aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni, akidhani tumekuja pamoja. Nilinunua kila kipande kwa mkono wangu, nikaiunganisha kompyuta yangu nyumbani, na inacheza kila kitu. Ila nacheza peke yangu, na mara nyingi naizima kabla mechi haijaisha.

Mwaka jana kaka alinitembelea na mke wake. Alicheza mechi mbili, nikamfunga zote. Mke wake akauliza nani ameitengeneza.

"Tulianza zamani sana, mimi na huyu," kaka akajibu. "Ya kwanza ilimshinda, akajifunzia hapo."

Alisema bila ubaya wowote. Anaamini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nikainuka kwenda kupakua chakula.