Pluto ya Binamu Yangu

Mvua ya mawe ikishapiga majani chai, shamba zima hunuka ubichi, kama jani lililotafunwa likatemwa. Nikiisikia harufu hiyo hadi leo, kiganja changu hukumbuka kiazi.

Tulikuwa watoto wa kambi ya wachumaji, na somo lilikuwa la sayari. Mvua ilipokatika, mwalimu alitutoa nje akapindua kikapu cha kuchumia majani, akasema hilo ndilo jua. Kila mtoto akapewa mstari wake wa michai, vile mama zetu walivyogawiwa kila asubuhi, na kitu cha kushika. Mimi nilikuwa dunia. Nilisimama karibu na kikapu na kiazi changu.

Binamu yangu, aliyekaa kwetu na kulala kitanda changu, alipelekwa mstari wa mwisho, kule karibu na msitu. Mwalimu akaokota jiwe la barafu kubwa kuliko yote, akamtilia mkononi.

“Hii ni Pluto,” akasema. “Huko ni baridi tupu, na hakuna mtu amewahi kufika.”

Darasa lote likageuka kumtazama.

“Mwalimu, hata mimi nataka barafu.”

“Wewe ni dunia. Watu wote wako kwako.”

“Lakini wote wanamwangalia yeye.”

Binamu alisimama wima, maji yakimtiririka hadi kiwikoni. Kipande kilichobaki alikitia mdomoni, akafumba macho.

Jioni mama alichemsha dunia yangu, akaikata katikati, akampa nusu. Aliila yote. Pluto yake hakunionjesha hata kidogo.