Machenza ya Sukari ya Malvern

Sukari ilikuwa bado inachemka watu wa mtaani, waliotaka kutufukuza sisi wageni, walipoingia na marungu, wakapindua jiko, ikanimwagikia mguuni. Geti halikuvunjwa, rafiki yangu. Lilifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo ule alikuwa nao mtu mmoja tu: msimamizi wa jengo, Mkongo mwenzetu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Jumamosi binti yangu alinionyesha kwenye simu matunda ya Kichina, yamechomekwa kwenye kijiti na kuvikwa sukari inayong'aa. Anadhani ni kitu kipya! Eish, mwanangu, mimi hayo nimeyala Malvern, hapa hapa Joburg, kabla hujazaliwa.

Tulikaa karibu na Jules Street, jiko moja kwa vyumba vinne. Jirani yetu alikuwa mama wa Kichina, ndiye aliyemuuzia mama yangu zipu na vifungo vya ushonaji wake. Kwao, alisema, wakati wa baridi kuna kitunda kichachu huuzwa hivyo barabarani. Hapa hakipo. Basi Julai ikifika ananunua machenza, anayamenya, anatenganisha vipande na kuviacha vikauke dirishani. Kazi yangu ilikuwa kuvichomeka kwenye vijiti vya mishikaki, vinne vinne, na kula vilivyopasuka. Nilihakikisha vinapasuka.

Shida ilikuwa mama. Mwanamke aliyekua akisonga bugali hawezi kuona sufuria inatokota akakaa tu. Sukari na maji vikianza kuchemka, mwiko huo! Anakoroga, na sukari yote inageuka mchanga. Mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu, jirani akamchapa mkono kwa kijiti chake cha kulia chakula.

"Mama, acha! Hii si bugali!"

"Itaungua, dada!"

"Acha iungue!"

Wakacheka mpaka wakashikana. Tangu siku hiyo mama aliikalia mikono yake, kweli kabisa, ameibana chini ya mapaja juu ya kreti, huku midomo ikiomba kimyakimya.

Sukari ikipata rangi ya asali, jirani alidondosha tone kwenye maji baridi, akanipa nitafune. Ikilia ka! iko tayari. Tunachovya haraka haraka, tunatoa verandani, na baridi kavu ya Joburg inagandisha kabla hujamaliza kupuliza vidole. Halafu unauma: ganda linavunjika, chenza linapasuka, utamu unakutiririka hadi kidevuni.

Na nani alikuwa wa kwanza mlangoni? Msimamizi, aliyemwita mama Yaya, yaani dada mkubwa kwa kwetu.

"Yaya, kile kikubwa ni changu!"

"Wewe, tumbo lako halina mfuniko?" mama anamjibu, na anampa kile kikubwa.

Siku ile ya marungu vitu vya vyumba vyote vilisombwa. Chumba cha msimamizi hakikuguswa hata pazia. Kesho yake asubuhi jirani alipakia maboksi yake ya vifungo kwenye gari, hatukumwona tena. Mama hakupika sukari tena mpaka alipofariki. Jengo lenyewe siku hizi madirisha yamezibwa kwa matofali.

Msimamizi yeye yupo. Kila Jumapili namwona kanisani Yeoville, safu ya mbele, sauti yake juu ya kwaya, na ananiita "binti yangu". Mimi shule niliishia darasa la nne, maneno ya mahakamani siyajui. Lakini Jumapili hii, wakati wa ushuhuda, nitasimama nimuulize watu wote wakisikia: Baba, mama yangu alikulisha kwa mkono wake. Nani alikuambia ufungue geti, na alikuahidi nini? Simama ujibu.