Kamera ya Plastiki na Masharti ya Habuba

Juzi mwalimu mmoja alikuja kuulizia sare nilizomshonea, akaiona kamera juu ya kabati la vitambaa. Aliinyanyua, akashangaa ilivyo nyepesi, akaniuliza niliinunua kiasi gani na kama ilistahili bei hiyo. Bei nilimwambia. Swali la pili lilinishinda, nikajifanya natafuta pini. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, na sijui kama mtu kama mimi anaweza kupima kitu hivyo. Nitaandika ilivyokuwa, bila kumwonea mtu yeyote, hata kamera yenyewe.

Niliipata sokoni Arua, kwa mtu anayefungua mizigo ya viatu na vitu vya watoto vilivyotumika Ulaya. Ilikuwa imelala katikati ya wanasesere wasio na miguu.

"Mama, hii si ya kuchezea," akasema. "Hii iko kamera ya kweli, ya filamu. Vijana wa Kampala wanaitafuta sana."

"Plastiki tupu! Hata kioo yake ni plastiki."

"Sasa wewe unataka kupikia?"

Waliokuwa wanachagua viatu wakacheka. Alitaka bei ya kuku wawili wakubwa, na hakupunguza. Lakini sitaki kumsema vibaya. Hakunidanganya hata neno moja. Kamera ilikuwa nzima, na vijana wa Kampala wanazitafuta kweli. Mtoto wa dada yangu anasoma huko, ndiye aliyenitumia filamu. Hiyo filamu moja peke yake ilikuwa ghali kuliko kamera.

Nilinunua kwa sababu ya negatifu.

Habuba ndiyo jina tunalomwitia bibi nyumbani kwetu, sisi Wanubi. Wangu alinilea tangu mama yangu alipofariki, hapa Arua. Baadaye miguu ikamsumbua, akahamia Koboko kwa shangazi. Sikuwa na picha yake hata moja. Zile za zamani zilipotea wakati wa kukimbilia Sudan kwa sababu ya vita, na hizi za simu alikataa kabisa. Ukiinua simu tu, anajifunika uso kwa ncha ya kitambaa, anasema, "Wee, weka chini hiyo shetani."

Watu walidhani ni mambo ya dini. Hapana. Alipokuwa msichana alipigwa picha studio moja ya mjini, amevaa nguo ya sikukuu. Mpiga picha akaipenda, akaitundika kwenye dirisha la duka bila kuuliza. Wanaume wakawa wanasimama kutazama, maneno yakafika kwa baba yake, akafungiwa ndani mwezi mzima kwa kosa ambalo si lake. Alipotoka alikwenda mwenyewe studio, akadai picha, kisha akadai negatifu, ile filamu ambayo picha huchapwa kutoka kwake. Alisimama mlangoni mpaka akapewa. Tangu siku hiyo sheria yake ilikuwa moja: mwenye negatifu ndiye mwenye picha. Simu haina negatifu, kwa hiyo picha ya simu haina mwenyewe.

Nilipofika Koboko na kamera yangu, aliigeuza mkononi, akaigonga kwa kucha.

"Hii iko na negatifu?"

"Iko, Habuba."

"Hapana danganya mimi."

"Kweli kabisa."

"Basi sikia. Piga. Lakini negatifu inarudi kwa mkono yangu. Na picha hakuna kuingia kwa simu ya mutu. Hata ya wewe."

"Nimekubali."

Aliingia ndani, akakaa muda mrefu, akatoka amejipaka mafuta na kuvaa ile nguo anayoivalia harusi tu. Kamera hizi hazijui kivuli, zinataka jua kali, kwa hiyo nilimsimamisha katikati ya ua. Hakuna aliyemfundisha: aliweka mkono mmoja juu ya kiti, akainua kidevu, akabana pumzi, kama walivyosimama watu wa studio zamani. Shangazi akaleta maua ya plastiki kutoka sebuleni.

Nikabonyeza. Habuba akabaki vilevile, macho hayapepesi.

"Bado?" akauliza bila kufungua midomo.

"Tayari."

"Hiyo sauti ya panya ndiyo ilikuwa picha?"

Shangazi alicheka mpaka akaweka maua chini. Nikampiga mbili zaidi. Filamu iliyobaki niliimalizia kwenye mashamba ya Midia, mihogo na mawingu, vitu ambavyo sikuvihitaji.

Arua siku hizi hakuna tena wa kusafisha filamu. Studio zimebaki na picha za pasipoti, za kompyuta. Nikaipeleka Kampala kwa yule mtoto wa dada yangu, nikamsisitiza mara mbili: negatifu zirudi. Habari ya simu sikumwambia. Hilo ni kosa langu, na siku mambo yalipoharibika niliandika hivyo kwenye daftari langu la vipimo, nisije nikambebesha yeye baadaye.

Sikujua kwamba maduka ya huko siku hizi yanasafisha filamu na kutuma picha kwa simu. Ijumaa moja nilikuwa naunganisha kola, simu ikaanza kulia bila kukoma. Picha ya Habuba ilikuwa kwenye kundi la simu la ukoo. Ukoo wote: Koboko, Bombo, Juba.

Ilikuwa picha mbaya, kama nikisema haki. Pembe zake zilikuwa giza, kiti hakionekani vizuri, na mstari mwekundu ulipita juu ya bega lake mahali kamera ilipovuja mwanga. Lakini katikati uso wake ulikuwa safi, kidevu juu, jua limemkalia. Watu wakaandika mashaallah. Mdogo wake aliye Juba, ambaye hawajaonana tangu wakiwa na nguvu, akatuma ujumbe wa sauti. Analia na kucheka pamoja. "Dada yangu, wewe umekonda, lakini bado iko na kiburi ile!"

Nikampigia yule mtoto wa dada yangu aliyeituma, aiondoe.

"Mama mdogo, lakini watu wamefurahi hivi!"

"Iondoe."

Akaiondoa. Wengine walikuwa wameshaihifadhi. Ya kwangu niliitazama mara moja, nikaifuta. Si kweli. Niliitazama mpaka simu ikazimika yenyewe, nikaiwasha, nikatazama tena, na cherehani imesimama. Kisha nikafuta.

Negatifu zilipofika na basi, nilizichukua hadi Koboko kwenye bahasha, nikamweleza Habuba kila kitu.

"Nani aliona?"

Nikawataja mmoja mmoja. Nilipofika kwa mdogo wake wa Juba, alinisimamisha.

"Yeye alisema nini?"

Nikamwambia, na neno la kiburi pia. Mdomo wake ukacheza kidogo, kisha ukatulia.

"Lakini mimi nilisema hakuna simu."

"Ulisema."

"Na wewe ulikubali."

"Nilikubali."

Akachukua bahasha, akaiweka ndani ya sanduku lake la bati, akafunga kwa ufunguo anaouning'iniza shingoni. Chai alinimiminia kama kawaida, na kipande kikubwa cha mkate akanisukumia mimi. Sikujua kama amenisamehe. Niliogopa kuuliza, nikasema nitauliza safari nyingine.

Safari nyingine ilikuwa ya mazishi.

Baada ya arobaini shangazi aliniita, akanipa ile bahasha.

"Alisema nipewe?"

"Hakusema kitu. Alisema tu hakuna wa kugusa. Sasa mimi nitaweka wapi? Ni wewe uliyempiga."

Kwa hiyo sina ruhusa ya kuichapa wala katazo. Picha yenyewe wanayo Bombo, wanayo Juba. Neno moja tu kwenye kundi na nitatumiwa dakika hiyo. Mtoto wa dada yangu anasema duka linaweza kuichapa kubwa, hata ule mstari mwekundu waufute. Anataka kunisaidia, najua. Wengine wangeona ninajitesa bure, na huenda wana haki. Lakini ahadi ilikuwa kwake, na aliyeweza kuniachilia hayupo.

Asubuhi, kabla ya kufungua duka, naishika negatifu kwenye mwanga wa dirisha. Kila kitu kina rangi ya chai isiyo na maziwa. Vitu vyote vimegeuka: maua ni ya kijivu, kivuli chake ni cheupe, na mvi zake zote ni nyeusi. Ni msichana amesimama pale, mkono kwenye kiti, amebana pumzi. Simjui. Ni yule wa dirisha la studio, aliyekwenda kudai chake kabla sijazaliwa, na kila siku natamani angegeuka kidogo anijue mimi.

Mwalimu atarudi kuchukua sare. Nikiulizwa tena nitasema ukweli: kwa picha, kamera haistahili bei hiyo, simu yake inapiga vizuri zaidi. Akitaka kujua kwa nini basi naiweka pale juu ya kabati, karibu na mkasi ninaoushika kila siku, nitatafuta pini.