Nilivyosinzia Mkono Ukiwa kwa Baba Mkwe

Jamani, mcheke polepole. Mimi nilisinzia kwenye ndoa yangu mwenyewe, mashahidi wananitazama.

Miaka ile ya sabini nilikuwa opareta wa simu mjini, shifti ya usiku, naunganisha watu chini ya taa kali mpaka asubuhi, halafu narudi chumbani kwangu mtaa wa Woodley kulala na jua limeshaingia (pazia langu lilikuwa leso kuukuu ya mama, nyepesi kama chujio), basi usingizi ukanigomea mwaka mzima. Hata mkesha wa ndoa msimamizi alininyima ruhusa. Nikatoka kazini saa moja, ndoa ni baada ya alasiri, msikitini Parklands, na Zuhura nimemposa miaka miwili mpaka babake akalegea. Nikasema nilale kidogo nisionekane maiti. Mutua, mwenzangu wa kazini, akanipa vidonge vya usingizi vya mama yake. "Nusu tu, bwana," akanionya, "hivi si peremende."

Nikameza nusu. Nikageuka huku, nikageuka kule, jua machoni, saa nne ikafika, na mimi kwa pupa yangu nikameza viwili vizima! Pupa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kaka yangu Athumani aliniamsha kwa maji ya ndoo, akanivika kanzu, akaninywesha kahawa chungu vikombe vitatu. Wapi! Msikitini niliona masheikh wawili, na alikuwepo mmoja. Mzee Salim, babake Zuhura, akanishika mkono, na sauti yake naisikia kwa mbali, kama ya mtu aliyepiga kutoka Kisumu: "Nakuozesha binti yangu Zuhura kwa mahari tuliyoafikiana."

Nilitakiwa kusema nimekubali. Nikasema, kwa sauti safi ya kazini, "Subiri kidogo, laini haina nafasi," kisha nikakoroma.

"Amelewa huyu!" Mzee Salim akautupa mkono wangu. "Simpi mlevi mwanangu, ng'o!"

Sheikh akaninusa mdomo, akasema pombe hakuna, lakini asiye na fahamu zake hafungi ndoa. Athumani akaeleza habari ya vidonge huku machozi yanamlenga. Habari ikapelekwa nyumbani kwa wanawake, na Zuhura akajibu: "Kama amelewa, arudi kwao. Kama amelala, mwacheni alale, nitamngoja."

Wakanilaza kwenye mkeka wa chuoni, pale watoto wanaposoma Kurani, wakafunga madirisha, nikalala gizani mpaka magharibi. Nilipoamka nikaulizwa mbele ya watu jina langu, la baba yangu, na leo siku gani. Aibu ilioje! Mzee Salim akanishika mkono tena, akarudia maneno yake, ndipo nikasema nimekubali, mara tatu, kwa kupaza sauti, nikimwogopa Mzee Salim kuliko kitu chochote.

Sijameza kidonge cha usingizi tena, wala sitameza. Zuhura alishona pazia jeusi zito wiki ileile, kumbe nilichokosa ni giza tu. Mzee Salim alinisamehe, lakini mpaka anakufa, kila nikimwomba kitu, alinitazama kwanza machoni, akasema, "Subiri kidogo, laini haina nafasi."