Mpiga Mbiu wa Mkongo na Neno Asilolitamka

Jua limeshapita juu ya mapaa ya Mkongo. Mshamu Kondo amesimama juu ya kichuguu, pembe ya nyati mkononi, kinywa kimefungwa. Mbele yake wanawake wanne wanatwanga mtama katika vinu viwili. Michi inainuka na kushuka.

"Unangoja nini, shemeji?" anauliza Semeni, mmoja wa wale wanne, bila kuinua macho.

"Nangoja mnyamaze."

"Sisi hatunyamazi. Tunyamazishe."

Mshamu anapuliza pembe, anavuta pumzi, anatangaza kwamba gulio la Kibiti litafunguliwa tena Ijumaa baada ya sala. Anamaliza kabla mtu hajajua kama ameanza. Michi haijakosa hata pigo moja.

"Rudia," anasema Semeni. "Hayo maneno umeyatupa kama unafukuza ndege."

Hilo la ndege si kejeli tupu. Mshamu, anayekaribia miaka hamsini, alikulia juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambamo watu wa bonde la Rufiji hukaa kulinda mpunga. Sauti yake ilifunzwa huko: kali, ya haraka, isiyo na kituo. Ndege hahitaji kuelewa, mradi aruke. Alipoirithi pembe ya baba yake, miaka ishirini na miwili iliyopita, aliihamishia kijijini sauti ile ile.

"Na ilinifaa," anasema, akifuta jasho kwa pindo la kanzu. "Nilikuwa na neno moja tu. Nikilisema, kila mtu anajua la kufanya."

Neno lenyewe ni maji.

Mto ulipokuwa ukifurika, mpiga mbiu alikimbia kandokando ya mashamba akipaza sauti: "Maji, maji, maji." Mara tatu, basi. Watu walibeba watoto, kuku na mbegu wakaelekea kilimani. Malipo yake yalikuwa pishi moja ya mpunga kutoka kila nyumba wakati wa mavuno, na hakuna aliyenung'unika.

Mwaka jana vikaja vita. Watu wa milima ya Umatumbi na wengi wa bondeni walipewa dawa ya maji, wakaambiwa risasi za Wadachi zitayeyuka. Hazikuyeyuka. Maghala yakachomwa, watu wakaingia msituni, na tangu hapo neno lile halitamkwi bila shingo kugeuka. Hata akina mama wakienda kisimani siku hizi husema "naenda kuteka," wakaishia hapo hapo.

Mshamu aliyajua yote hayo. Lakini mwezi wa Mfungo Tatu mto ulijaa ghafla, na ulimi ukafuata mazoea yake.

"Maji, maji, maji."

Nusu ya kijiji ilidhani vita vimerudi. Badala ya kwenda kilimani, watu walikimbilia msitu wa bondeni, kule kule walikojificha mwaka jana, na mto ukawafuata huko. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Ila Mwanawetu, mjane anayekaa nyumba ya tatu kutoka msikitini, alikaa siku mbili juu ya mkuyu na wajukuu zake watatu. Mbegu yake yote ya mpunga, pishi kumi na nne, ilikwenda na mto.

Askari wa Wadachi waliopiga kambi jirani nao walilisikia neno. Wakamfunga Mshamu kamba, akakaa kwao mpaka jumbe wa kijiji alipokwenda kumdhamini.

Habari ikatembea. Ilipofika kijiji cha Mahege, Mshamu alikuwa ameshakuwa jemadari mwenye bunduki sita. "Hizo bunduki wakiziona waniletee," anasema. "Nizikodishe, maana pishi za mavuno sizioni."

Kicheko chake kifupi. Alipomtoa kwa askari, jumbe alimpa mbiu moja zaidi. Akikosea tena, pembe ingekwenda kwa mwingine, na kwa askari hakungekuwa na wa kumdhamini mara ya pili. Na masika ndiyo kwanza yalikuwa yameingia. Nyumba za Mkongo zilikuwa arobaini kabla ya vita. Zinazotoa moshi leo ni kumi na tisa. Zote zilikuwa zimelima bondeni, kwa kuwa udongo mzuri uko bondeni, na watu walikuwa wakilala kwenye madungu. Mto ukijaa tena wasimwelewe, si mbegu tu ambayo ingechukuliwa.

Ndipo Tabu, mkewe, alipomwambia aache kuona haya akamwombe dada yake amfundishe kusema.

Dada huyo wa Tabu ndiye Semeni. Ni kungwi, amefunda wanawali wa vijiji vinne. "Mimi nasema na wasichana wenye hofu, wenye usingizi, nyumba imejaa na ngoma nje inalia," anasema. "Wasiponisikia, aibu ni yangu, si yao."

Masharti yake hayajazi kiganja. Usije mbio, kwa sababu anayekimbia huwakimbiza wenzake popote pale. Puliza pembe mara moja, halafu hesabu pumzi tano. Kabla ya kuwaambia watu kinachokuja, waambie miguu yao iende wapi. Na kipimo ni michi: ikisimama, umesikika.

Kwa siku nyingi haikusimama. Mshamu alitangaza gulio, alitangaza mbuzi aliyepotea, alitangaza harusi ya watu waliokwisha kuzaa watoto wawili. Wanawake wakatwanga tu.

Kisha asubuhi moja alikuja na tangazo alilolipika mwenyewe usiku kucha. Akapuliza, akahesabu, akasema polepole: "Mto umepanda. Nanyi pandeni."

Michi ikasimama yote minne. Mshamu akaanza kutabasamu.

Mwanawetu, naye mmoja wa wale wanne, ambaye hakuwa amesema naye tangu siku za mkuyu, akauegemea mchi wake. "Tupande nini, na mbegu umeshazipeleka baharini?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Semeni peke yake hakucheka. "Amesema kweli," akasema. "Mtu mwenye njaa akisikia 'pandeni' atashika jembe. Atashuka bondeni, shemeji, badala ya kutoka."

Mshamu aliketi juu ya kichuguu chake, akawauliza basi aseme neno gani. Ndivyo lilivyopatikana neno "kweeni", na aliyelitoa ni Mwanawetu mwenyewe, huku amempa mgongo.

Alhamisi iliyopita, Khamisi, mvushaji wa Ngorongo, alishuka na mtumbwi akasema huko juu povu limekuwa jekundu na magogo yanapita. Mshamu akaenda kuangalia kigingi alichokichomeka ukingoni kupimia mto. Kina alama tano. Nne zilikuwa zimeshafunikwa.

Hakukimbia. Wanaomjua wanasema hilo ndilo lililowashangaza kwanza. Alitembea hadi katikati ya mashamba, kwenye dungu la Mwanawetu.

"Hodi, mama."

"Panda. Usinivunjie ngazi."

Alipuliza mara moja. Watu wakainua vichwa kwenye mpunga. Pumzi tano ni nyingi mto ukiwa nyuma yako, lakini alizimaliza.

"Kweeni kilimani," akasema. "Bebeni watoto, bebeni mbegu, kweeni kilimani. Ni mto. Ni mto wetu tu."

Halafu kutoka shamba la mbali mtu mmoja akauliza, "Mto gani?"

"Huo unaokulowesha magoti, Sadallah."

Kicheko kilipita shamba hadi shamba, na nyuma yake watu wakaanza kufunga mizigo. Hapakuwa na aliyekimbilia msituni. Askari walitoka kambini, wakaona kuku, mikeka na vinu vinapita juu ya vichwa, wakarudi walikotoka. Kabla ya adhuhuri nyumba zote kumi na tisa zilikuwa kilimani, zikitazama bonde linageuka ziwa. Mpunga uliosimama umekwenda. Mbegu zimebaki.

Mwanawetu alifika wa mwisho, kapu la mbegu za kuazima kichwani. Akalitua mbele ya Mshamu. "Leo nimekusikia," akasema, akaenda kuwatafuta wajukuu zake.

Jumbe ameiacha pembe ilipo. Mshamu bado anapanda kichuguu kila asubuhi, na Semeni bado anamwambia arudie. Waliobaki msituni tangu vita watakaporudi, anataka kuwafikia wote kwa sauti moja, hata wale wa kingo za mbali.

Lakini akiulizwa anatamani nini hasa, haongei habari za pishi wala za pembe. Anahesabu pumzi zake tano kwanza.

"Natamani siku moja nisimame hapa hapa," anasema, "nilitaje lile neno kwa sauti yangu yote. Halafu mtu atoke nyumbani kwake na kata ya kunywea mkononi, akidhani nina kiu."

Kwenye vinu, michi yote minne imesimama.