Washenga wa Mzee Luo

Siku Jinsuo alipowaona kwa mara ya kwanza, Mzee Luo alikuwa amemkaba shingo bata bukini dume, anamzamisha kichwa ndani ya ndoo ya maji, anamtoa, anamzamisha tena. Binti yake, Yuelan, alikaa mlangoni na koti jekundu, akisokota kamba ya katani bila kuinua uso.

Ulikuwa mwezi wa kumi. Maji ya Ziwa Poyang yalikuwa yamepungua na tope limeanza kujitokeza. Jinsuo alikuwa ametoka kwenye kazi ya kujenga kingo za mto, miaka minne hajaonekana kijijini, na watu hawa hakuwajua. Majirani nao hawakujua mengi. Walikuja kwa mtumbwi kutoka huko juu ya mto baada ya mafuriko, baba, binti na matenga ya mabata. Basi.

"Amekosa nini?" Jinsuo aliuliza.

"Leo alfajiri alinyamaza. Mshenga akinyamaza ni kitoweo." Mzee Luo alimtupa bata chini, akamtazama mgeni, akayafuata macho yake mpaka pale yalipotua, kwenye koti jekundu. Akacheka kidogo. "Una mke?"

"Sina, mzee."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Mabega unayo. Njoo kesho kabla jua halijatoka. Msimu ukienda vizuri tutazungumza, mkwe."

Neno hilo moja, mkwe, lilimtosha Jinsuo. Alfajiri alikuwa mlangoni kabla mwenye nyumba hajaamka.

Kwa watu wa ziwani, bata anayefungwa majini ili awaite wenzake wa porini huitwa mshenga, jina lilelile la mtu anayetumwa kuposa. Mzee Luo alikuwa na jozi tatu. Madume aliwafunga miguu kwenye vigingi vilivyopigiliwa kwenye maji ya kina kifupi, mbele ya mdomo wa bunduki. Majike aliwafungia kwenye matenga nyuma ya matete, mahali ambapo madume waliwasikia lakini hawakuwaona.

"Mke akiwa karibu, dume anakula na kusinzia," alimfundisha Jinsuo. "Watenganishe, uone. Ataita mpaka sauti imkauke, na wale wa juu watadhani huku chini kuna karamu."

Bunduki ilikuwa ndefu kuliko mtumbwi uliobeba uzito wake. Ilishindiliwa baruti viganja viwili na vipande vya chuma chakavu. Mzee Luo alilala kifudifudi na utambi mkononi. Kazi ya Jinsuo ilikuwa kusimama nyuma, maji kiunoni, akiushikilia mtumbwi usirushwe mlio ukitoka. Maji yale yalimng'ata mifupa. Akikohoa, mzee alimpiga kafi ya kichwa.

Lakini raha ilikuwepo, na hakuna haja ya kuificha. Sauti zilitangulia, halafu kundi likatokea juu ya ukungu. Washenga wakalia, wa juu wakajibu. Mabukini wakaacha kupiga mabawa, wakateremka miguu mbele, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba aliyoizoea. Kisha mlio, moshi, na maji yaliyochafuka kwa manyoya. Mara ya kwanza walipata ishirini na saba. Jinsuo, ambaye kijiji kizima kilimjua kwa upole, aliwakimbilia waliovunjika mabawa na kuwasokota shingo mmoja baada ya mwingine huku akicheka kwa sauti. Siku hiyo Yuelan aliwapikia bukini na figili, akamwekea Jinsuo paja.

Visa navyo havikukosa. Siku moja baruti ililowa, bunduki ikakohoa moshi tu, na kundi lililopaa likamwachia Mzee Luo zawadi nyeupe katikati ya kofia. Jinsuo alicheka, akalipia kicheko hicho kwa kafi. Siku nyingine chuma kilikwenda chini mno, kikampasua mshenga mmoja pamoja na wageni. Mzee Luo alilia machozi. Ila jike wa yule dume aliita siku kumi na moja mfululizo ndani ya tenga, na kufika siku ya tatu mzee alikuwa anasugua viganja kwa furaha.

"Msikie mjane! Mumewe alipokuwa hai hakuwahi kuimba hivi."

Katikati ya msimu Jinsuo alikwenda kununua tenga kwa Kui, msukaji wa vikapu, mtu aliyetembea kwa kuchechemea. Wanaume wawili walikuwa wanakunywa chai hapo.

"Bwana harusi huyo!" mmoja akasema. "Mahari umeshalipa kwa mafua?"

"Mwacheni," Kui akasema. Akavua kiatu, akaweka mguu juu ya kibao. Haukuwa na vidole. "Baridi ya mwaka juzi. Nami nilisimama nyuma ya mtumbwi ule. Nami niliitwa mkwe. Kabla yangu alikuwapo kijana wa ng'ambo, alivuja damu puani akakimbia. Wewe ni wa tatu, ndugu yangu."

"Labda hukumpendeza mzee," Jinsuo akasema.

"Nilimpendeza sana. Mpaka bukini walipoondoka."

Wale wawili walicheka hadi chai ikawamwagikia. Jinsuo alichukua tenga akaenda zake. Njiani alijiambia kwamba Kui alikuwa na wivu.

Hata hivyo alimuuliza Yuelan. Walikuwa uani wakinyonyoa manyoya, mzee amelala na pombe yake ya mchele.

"Kaka Jinsuo," Yuelan akasema, "unadhani koti hili nalivaa kwa ajili ya baridi? Baba akimwona mwanaume mwenye nguvu njiani ananiambia, vaa, kaa mlangoni."

"Na mimi? Hunitaki?"

Yuelan alimgeuza bata, akaanza kunyonyoa upande wa pili. "Yule wa kwanza nilimtaka. Nililia kwa siku nyingi. Baba akafurahi, akasema kilio changu kitaita wengine. Kwa hiyo wewe nimekutaka kimyakimya." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mwezi wa pili, kabla bukini hawajaondoka, tuondoke sisi."

Hawakujua kwamba usingizi wa mzee, hata baada ya pombe, ulikuwa mwepesi. Kesho yake Jinsuo alipofika, mlangoni hapakuwa na mtu.

"Nimempeleka kwa dada yangu, ng'ambo ya ziwa," Mzee Luo akasema, akikaza kamba ya mshenga. "Akashone nguo za harusi. Msimu ukiisha nitakupeleka mwenyewe. Beba baruti, mkwe."

"Kijiji gani?"

"Beba baruti."

Jinsuo alibeba. Alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya, akasimama majini mpaka miguu ikawa ya zambarau, na kila jioni aliuliza, na kila jioni aliambiwa kesho.

Siku ya mwisho ya msimu lilishuka kundi ambalo halikuwa na mwisho. Mzee Luo, kwa tamaa, alishindilia viganja vinne vya baruti. Mlio ulipotoka, mtumbwi ulimponyoka Jinsuo mikononi, ukampiga kifuani na kupinduka. Alipoinuka alimwona mzee amelala chali topeni, bunduki imemwangukia mapajani, maji yanamfika kidevuni. Washenga walikuwa wanapiga kelele pande zote.

"Nivute!"

Jinsuo alisimama pale pale. "Taja kijiji cha dada yako."

"Nivute kwanza."

"Taja kwanza."

Maji yaliingia kinywani mwa mzee. Aliyatema, meno yakigongana, na bado alicheka. "Nikitaja utaniacha hapa. Nisipotaja huwezi kuniacha. Haya, chagua, mkwe."

Ilikuwa kweli. Jinsuo aliinua bunduki, akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Kiuno cha mzee kilikuwa kimevunjika. Kwa siku tisa alimlisha uji kwa kijiko, akamsafisha uchafu, akamkanda miguu isiyosikia kitu. Mzee aliyafurahia yote hayo. Siku moja alisema kijiji kiko upande wa mashariki. Siku ya pili alisema kina daraja la mawe. Alipotaka pombe alikumbuka kisima, na alipotaka nyama alikumbuka hekalu lenye paa bovu. Jinsuo aliwachinja washenga kwa zamu, akawapika, akasikiliza.

Siku ya tisa mzee alikataa uji. Uso ulikuwa wa majivu, pumzi zinakuja kwa kusuasua. Jinsuo alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mzee, nakuomba. Jina la kijiji. Jina la dada yako tu, nitauliza mwenyewe nyumba kwa nyumba."

Mzee Luo alifumbua jicho moja, akamtazama kwa muda kama mtu anayepima bei ya bata.

"Dada gani? Mimi sijawahi kuwa na dada. Yuelan nilimpa mwenye mashua ya chumvi, wakateremka na mto siku ileile. Hebu nigeuze upande wa pili, mgongo unaniuma."