Wifi katafuna hereni

Leo wifi yangu katafuna hereni zangu huku namwangalia.

Alikuja kwenye meza ninayouzia mapambo ya kahawa hapa mtaani Bakoba, akainua mkufu wa buni kwa vidole viwili, kama ameshika panya mfu.

"Kahawa shingoni, wifi? Huu ni ushamba. Mimi navaa dhahabu ya Dubai."

Huku anahubiri, mkono ukaingia kwenye kibakuli cha buni za hereni. Kwetu Buganguzi mgeni hukaribishwa kahawa ya kutafuna, basi akatupia mbili mdomoni bila hata kuangalia.

Nikanyamaza. Ndiyo, kwa makusudi.

"Mbona chungu hivi?"

"Nimezipaka vanishi, wifi. Ile ya milango."

Katema mpaka kwenye kiatu chake.

Semeni nyie, ningemzuia?

Shingo imefika Dubai, mkono bado uko Buganguzi.